Hatukuogopa, Tulifungiwa Njia

Kila tukiongea chanjo, wasomi wa Nairobi hutuambia watu wa mashinani waliogopa. Mimi nakataa.

Sista yangu mdogo alikuwa na miaka 10 Oktoba 2019, Kenya ilipoanza kuchanja wasichana dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Alidungwa sindano ya kwanza Novemba. Ya pili ilitakiwa baada ya miezi 6, yaani Mei 2020.

Machi korona ikaingia. Shule zikafungwa, na mwalimu aliyekuwa akiwakumbusha hakuwepo tena. Tarehe 27 kafyu ikaanza. Matatu ya abiria 14 ikabeba 8, nauli ikapanda. Hapa Malakisi, Mathe alikuwa na pesa ya unga ama ya nauli, si zote mbili. Akachagua unga. Wewe ungechagua nini?

Najua mtasema siku hizi dozi moja inatosha, hata WHO ilikubali 2022. Sawa. Lakini 2020 tuliambiwa mbili, njia ikafungwa, kisha tukaitwa wajinga.

Serikali iliweza kuleta polisi hadi vichochoroni kuhakikisha saa moja jioni tuko ndani. Ilishindwaje kuleta muuguzi mmoja, mchana, na kibebeo cha chanjo? Rungu lilijua mlango wetu. Sindano haikuujua.

Kadi ya sista bado iko chini ya godoro. Ina tarehe moja na nafasi moja tupu. Msiniambie hiyo nafasi inaitwa woga.