Sonona kwa vijana: kinga inaanza na mtu mzima wa nyumbani

Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80 katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Nyumba zilihesabiwa, mifugo ikahesabiwa, misaada ikaja. Kisichohesabika kirahisi ni hali ya mtoto wa miaka 13 aliyempoteza mama siku ile, ambaye sasa yuko sekondari na watu wanasema ni mkimya tu.

Huyo ndiye tunayemzungumzia hapa: kijana ambaye bado hajaugua sonona, lakini mambo yaliyompata yanamsogeza huko.

Sonona si huzuni ya siku mbili tatu. Ni huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda, inayokaa wiki mbili au zaidi na kuvuruga usingizi, chakula, nguvu na masomo. Kwa vijana mara nyingi hujitokeza kama hasira, ndiyo maana hapa kwetu huitwa kiburi na dawa yake inakuwa fimbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Msiba ni chanzo kimoja tu. Manyara tuna vingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 43 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani kwetu wamekeketwa. Imeshuka kutoka 58 mwaka 2015/16, lakini bado ni wengi mno. Yupo msichana aliyepata mimba: tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu kurudi shule, ila waraka hauwezi kuwanyamazisha wanaomcheka. Na yupo mtoto anayelelewa na mzazi ambaye mwenyewe ana sonona. Huyu wa mwisho watu humpita haraka, na sisi tunaona ndiye anayepaswa kutazamwa kwanza.

Sababu yetu ni hii. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na vijana 316 wa miaka 13 hadi 17, wote wakiwa na mzazi mwenye sonona au aliyewahi kuugua. Baadhi waliingia kwenye vikundi, wakakutana kila wiki kwa wiki nane kujifunza kuyapima mawazo mabaya kabla ya kuyaamini na kutatua matatizo hatua kwa hatua, kisha wakaendelea kukutana mara moja kwa mwezi. Katika miezi tisa, waliopatwa na sonona kwenye vikundi walikuwa 21 kati ya 100. Kwa wenzao walikuwa 33. Lakini kwa vijana ambao mzazi alikuwa anaumwa wakati huohuo, vikundi havikuwasaidia kuwazidi wengine. Kijana alifundishwa vizuri, akarudi jioni kwenye nyumba ileile.

Mtu atasema Marekani wana wataalamu, sisi hatuna. Hoja hiyo ina nguvu kidogo kuliko inavyosikika. Kenya, mpango uitwao Shamiri ulitumia vijana waliotoka tu sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi, vikao vinne tu: kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kujua mambo anayoyathamini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021, kutoka kwa wanafunzi 413 wenye dalili, yalionyesha sonona na wasiwasi vilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Jirani zetu wa Moshi nao walishiriki jaribio kama hilo pamoja na Bungoma, Kenya. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi walishirikishwa, na vikundi vya wiki 12 viliongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Walezi nao walikaa kwenye vikundi vyao. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki Kenya. Kwa upande wa Tanzania, watoto wasioingia kwenye vikundi nao walikuwa wameendelea kupata nafuu. Kwa hiyo tusiviuze vikundi kama dawa ya kila kitu.

Hata hivyo, watu wa kuviongoza wapo. Kila mwaka wahitimu wa kidato cha sita hukaa vijijini miezi kadhaa wakisubiri chuo. Wakifundishwa na kusimamiwa na mtaalamu wa afya ya akili, wanaweza kazi hii. Tunachokosa ni mtu wa halmashauri wa kuipanga na kuilipia nauli.

Kwa mzazi au mlezi, swali la kwanza linakuhusu wewe. Unalala? Bado unafurahia kitu? Pombe imeongezeka tangu msiba, tangu mavuno yalipokataa? Baba wengi huficha sonona kwenye chupa, na mtoto ndiye anayeiona. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ukaelekezwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Babati ikibidi; kwa walio Mbulu, Haydom kuna huduma ya afya ya akili. Ni mbali na nauli ni kubwa, tunalijua hilo. Ofisa ustawi wa jamii naye unaweza kumfuata.

Kijana akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake, fungia dawa za kunyunyizia mazao, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, ya simu kwa ajili ya watoto, hupigwa bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.