Mashine ya Kupimia Uongo Si Shahidi



Katika kiwanda kimoja cha chai hapa Uganda, magunia ya mbolea yalipotea ghalani. Mwajiri hakuita polisi. Alimleta mtu mwenye sanduku la nyaya, aliyejiita mtaalamu wa saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu. Wenzetu wa ghala walifungwa mikanda kifuani na mkononi, wakavishwa vyuma vidoleni, wakaulizwa maswali. Jioni watatu waliambiwa kwamba mashine imewakamata. Wakapoteza kazi na nyumba za kambi. Mmoja wao alikuwa ametumika miaka 19. Hakuna gunia hata moja lililoonekana kwao.

Tulipolalamika, tuliambiwa kwamba chama kinapinga sayansi. Hapana. Sisi tunapinga ramli inayojiita sayansi.

Mashine hiyo hupima presha ya damu, pumzi na jasho la vidole. Uongo haiupimi. Mtu mwenye watoto watano, akiogopa kufukuzwa, moyo utampiga hata kama hajaiba kitu. Na mwongo mzoefu hutulia. Aldrich Ames, ofisa wa ujasusi wa Marekani aliyewauzia Wasovieti siri za nchi yake, alipimwa mwaka 1986 na tena mwaka 1991. Mara zote mbili alipita. Alikamatwa mwaka 1994.

Wataalamu wa kweli wameichunguza mashine hii. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa mfano wa hesabu. Chukua wafanyakazi 10,000, na kati yao wapelelezi wawe 10. Ukiitega mashine iwanase wapelelezi 8, itawanasa pia watu karibu 1,600 wasio na kosa lolote. Na wapelelezi wawili watakwenda zao nyumbani.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawakataza waajiri wengi wa makampuni kuwapima wafanyakazi hivyo. Mwajiri aliyeibiwa anaweza kuruhusiwa kwa masharti, lakini hawezi kumfukuza mtu kwa neno la mashine peke yake. Lazima awe na ushahidi mwingine.

Sasa tutazame elimu ya kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya risasi vya Uingereza viliwafanyisha watu kazi kwa saa nyingi mno, hata Jumapili. Wakubwa waliamini kwamba saa nyingi huleta mali nyingi, na anayelegea ni mvivu. Kamati iliyoundwa mwaka 1915 ilituma wachunguzi. Hawakusoma uso wa mtu. Walihesabu kazi iliyotoka, wakaandika ajali na magonjwa. Wakaona kwamba uchovu ndio unaoharibu kazi. Saa zilipopunguzwa, kazi haikupungua, na mahali pengine iliongezeka. Hesabu zao zilichapishwa ili mwingine azikague.

Tofauti ndiyo hiyo. Elimu ya kweli hukubali kujaribiwa, na inaweza kumwambia hata tajiri kwamba amekosea. Ile ya bandia humpa aliyeilipa jibu analolitaka, na ikikosea, lawama humwangukia maskini.

Kwa hiyo akija mtaalamu wa namna hii, awe na mashine, awe anasoma mwandiko, tumuulize maswali matatu. Kwanza, unapima kitu gani hasa? Pili, nani asiye na faida katika biashara hii aliyekujaribu kwa watu ambao ukweli wao unajulikana? Tatu, ni wasio na hatia wangapi uliowahi kuwatuhumu? Mwenye elimu atajibu bila hasira. Mdanganyifu atatuonyesha cheti chake.

Hatutetei wizi. Mali ikipotea, daftari za ghala zikaguliwe, waliokuwa na funguo waulizwe, na polisi wafanye kazi yao. Lakini tunadai mkataba wetu ujao useme wazi kwamba mfanyakazi hataadhibiwa kwa matokeo ya mashine hiyo, na akikataa kupimwa, kukataa kwake kusihesabiwe kosa.

Mwanachama akiitwa kupimwa, asitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kumwona mwakilishi wa tawi. Wale wenzetu watatu walitia sahihi wakiwa peke yao. Asiwepo wa nne.

Umoja ni nguvu!