Mama hanisikii, fundi ataka laki nne!

Wiki hii nusura safu hii iandikwe kutoka wodini. Tulia nikupe mchapo.

Jumanne jioni natoka kibaruani, nimo ndani ya mkoko wangu, foleni ya Mwenge inatambaa kama kobe. Mara simu ikaita. Kwenye kioo cha redio likatokea jina moja tu: MAMA. Nikabonyeza kitufe cha usukani kwa mapozi, si unajua tena, mtu una gari linaloongea!

"Shikamoo mama."

Kimya.

"Mama, shikamoo!"

Spika zote nne zikalia: "Haloo? Haloo? Mbona huongei wewe mtoto? Umepatwa na nini?"

Nikapiga kelele mpaka muuza maji wa dirishani akageuka. Wapi! Bi mkubwa yuko Tanga, anajua kijana wake muda huo yuko barabarani, na anachosikia ni ukimya mtupu. Akaanza kulia. "Jamani mwanangu!"

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikaingiza mkono mfukoni kuchomoa simu, macho yakashuka chini. Nilipoyainua, bodaboda na abiria wake walikuwa mbele ya bampa. Breki! Ilibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Yule kijana alinipa matusi ambayo mhariri hataki kuyaona kwenye ukurasa huu, na kusema kweli nilistahili yote.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Hakufungua kitu. Akaitazama redio, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Bosi, hii imekufa. Leta laki nne nikufungie mpya."

Laki nne! Nikamwambia ngoja nikafikirie. Na katika kufikiria huko ndiko nilikopata somo la leo. Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japani, menyu zake zimejaa maandishi tusiyoyasoma, likizingua kidogo tunaliwa pesa.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Gari halipigi simu. Anayepiga ni simu yako, ndiyo yenye laini, salio na mtandao. Gari linaiazima tu mdomo na sikio: mdomo ni spika, sikio ni maiki. Kinachowaunganisha ni Bluetooth, mawimbi ya redio ya masafa mafupi. Kampuni za Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba ziliungana kuiendeleza mwaka 1998, na jina likatoka kwa Harald, mfalme wa zamani wa Denmark, kwa kuwa aliunganisha watu wake.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoingizwa mjini. Unasema, "Mbona muziki unapiga safi?" Muziki na maongezi havipiti njia moja, bwana. Muziki unakwenda upande mmoja, kutoka kwenye simu kuja kwenye redio. Maongezi yanakwenda na kurudi. Kwa hiyo gari linaweza kupiga bongo fleva mpaka asubuhi na bado likashindwa kupeleka "shikamoo" moja tu Tanga.

Kabla hujatoa hata senti, egesha gari, mwombe mtu akupigie, kisha ujiulize maswali haya.

Moja: ni nani asiyesikia? Kama ni wewe, ongeza sauti wakati simu iko hewani. Magari mengi yana sauti ya simu na sauti ya muziki mbali mbali, inawezekana ya simu ilishushwa zamani. Kama ni yeye asiyesikia, shuku maiki. Mimi mama nilimsikia vizuri, hivyo redio, spika na Bluetooth vyote vilikuwa vinafanya kazi. Sasa redio "iliyokufa" ilimtoaje mama hewani?

Mbili: simu ikiwa hewani, hamisha maongezi kutoka kwenye gari yarudi kwenye simu yenyewe. Akikusikia hapo hapo, mtandao hauna kosa na maiki ya simu yako haina kosa.

Tatu: unganisha simu ya mshikaji wako. Tatizo likiwa lile lile, kasoro iko kwenye gari. Likiisha, iko kwenye simu yako. Dawa yake ni kufuta muunganiko pande zote mbili, kwenye simu na kwenye redio, kisha uanze upya. Ukifuta upande mmoja tu, vitaendelea kununiana. Angalia pia kwenye mipangilio ya simu kama umeruhusu gari lipokee simu na si muziki pekee.

Nne: je, analalamika kwamba anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia? Huo ni mwangwi, na unatoka kwako. Sauti yake inatoka kwenye spika zako, inaingia kwenye maiki yako, inamrudia. Punguza sauti kwanza. Akisema anasikia upepo, funga vioo na geuza tundu la kiyoyozi lisipulize kwenye maiki.

Maiki yenyewe iko wapi? Tafuta vitundu vidogo sana. Mara nyingi viko karibu na taa ya dari, kwenye kifuniko cha shingo ya usukani au usoni mwa redio. Ya kwangu iko kwenye taa ya dari.

Nilipoitazama ile taa, taa nyingine ikawaka kichwani. Mwezi uliopita kitambaa cha dari kilikuwa kinaninginia kama chandarua, nikampa fundi wa siti akibadilishe. Ili akibadilishe, lazima afungue taa!

Nikamtafuta fundi umeme mmoja mtu mzima, maneno machache. Akaichomoa taa taratibu. Nyuma yake kulikuwa na plagi ndogo inaning'inia peke yake, haijachomekwa. Ndiyo waya wa maiki. Akachomeka, tak! Dakika kumi, shilingi elfu kumi, na soda nikamnunulia. Laki nne ikabaki salama.

Angalizo: akitokea fundi wa kukwambia "tuchomoe betri ili redio ijisafishe", mzuie kwanza. Baadhi ya redio za magari haya zikikosa umeme hujifunga, zikiamka zinadai namba ya siri, na aliyeijua yuko Japani. Uliza kabla hajagusa kitu.

Jingine kwa wale wenye mambo yao: gari linaweza kutunza majina na orodha ya simu ulizopiga. Ukiliuza, futa kila kitu. Na ukiwa ua wa nyumba unanong'ona na mtu, halafu shemeji yetu akawasha gari, maongezi yanaweza kuhamia kwenye spika zote nne. Usije ukasema sikukwambia.

Lakini kuna jambo moja halina utani. Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani waliwapima watu kwa mazoezi ya kuigiza udereva. Waliokuwa wakiongea na simu walikosa kuona ishara za barabarani mara mbili zaidi, na aliyeshika simu mkononi hakuwa na tofauti na yule ambaye mikono yake ilikuwa huru. Mikono inaachiwa, akili inabaki kifungoni. Maiki yangu ingekuwa nzima siku ile, bado ningekuwa nusu Mwenge na nusu Tanga, na yule bodaboda bado angekuwa pale pale mbele.

Kwa hiyo siku hizi naongea maneno mawili tu: "Niko barabarani, nitapiga." Mengine yanasubiri.

Ile jioni ya plagi niliegesha gari pembeni, nikazima injini nikaacha redio, nikampigia Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Mbona leo unasikika kama uko hapa jikoni?"

Haya, kwa leo inatosha. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Endesheni salama!