Foleni Si Ushahidi wa Ugonjwa Usiotibika: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kanada

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, na kwa Waheshimiwa wajumbe wa Bunge na Seneti mnaopitia sheria ya msaada wa kitabibu wa kufa,

Kwa heshima inayostahili ofisi zenu, barua hii inahusu tarehe 17 Machi 2027, siku ambayo, sheria isipobadilishwa tena, mtu ambaye maradhi yake pekee ni ya akili ataweza kuomba kusaidiwa kufa na daktari au muuguzi aliyeruhusiwa kufanya kazi hiyo. Historia yake mnaijua: hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2015 iliyofungua njia ya msaada huo, sheria ya 2016 iliyodai kwamba kifo cha kawaida cha mwombaji kiwe kinatarajiwa, na sheria ya 2021 iliyoondoa sharti hilo lakini ikawaweka kando kwa muda wagonjwa wa akili, muda ambao umesogezwa kutoka 2023 hadi 2024, kisha hadi 2027. Kila uliposogezwa, Bunge liliambiwa kwamba mfumo wa afya haujawa tayari kupima maombi ya namna hiyo, ilhali jambo zito zaidi, yaani kwamba mfumo huohuo haujawa tayari kuwatibu wagonjwa hao, halikuwekewa tarehe yoyote.

Gharama ya jambo hilo imelipwa na familia nyingi, mojawapo ikiwa ya mwandishi wa barua hii. Mdogo wake, mwenye sonona, yaani huzuni ya kimaradhi inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kutenda, aliandikiwa rufaa ya kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya akili katika hospitali ambayo haitatajwa hapa. Rufaa hiyo ilipotea kati ya ofisi mbili, na kila familia ilipouliza, iliambiwa kwamba jina lake limo kwenye foleni, ingawa halikuwamo. Katika kusubiri huko alipoteza kazi, kisha nyumba aliyopanga, na mwandishi akaacha ajira yake ili kukesha naye. Katika kusubiri huko, mgonjwa mwenyewe akaanza kuamini kwamba hatibiki, wala hakuwapo bingwa wa kumweleza vinginevyo. Alipoonwa hatimaye, alipewa tiba ambayo hakuwahi kuijaribu, nayo ikamsaidia, japokuwa kazi na nyumba havikurudi. Aliyeonekana hatibiki alikuwa hajatibiwa.

Hapo ndipo penye kasoro ya sheria yenyewe. Sheria inataka mwombaji awe na ugonjwa mzito usioponyeka, awe amedhoofika kwa namna isiyoweza kurekebishwa, na awe na mateso yasiyoweza kupunguzwa kwa njia anazozikubali. Kwa asiyekaribia kufa, wapimaji wawili wanaojitegemea hupewa siku zisizopungua 90, na mwombaji hujulishwa huduma zilizopo na kupendekezewa kuwaona watoaji wake. Lakini kujulishwa huduma si kuipata, na siku 90 ni chache kuliko muda ambao wagonjwa wengi husubiri kumwona bingwa kwa mara ya kwanza. Uholanzi, ambayo sheria yake ilianza kutumika mwaka 2002, inataka daktari na mgonjwa wote wawili wawe wameridhika kwamba hakuna njia nyingine ya busara iliyobaki. Kanada haikuweka sharti hilo.

Wanaotetea ruhusa hiyo husema kwamba kuwatenga wagonjwa wa akili ni kuwanyima usawa unaolindwa na kifungu cha 15 cha Mkataba wa Haki na Uhuru, na kwamba wapo waliotibiwa kwa miongo kadhaa bila nafuu. Hoja hiyo ni nzito na haistahili kupuuzwa. Hata hivyo, jopo la wataalamu lililoongozwa na Mona Gupta, lililotoa ripoti mwaka 2022, lilieleza kwamba kutoponyeka kwa ugonjwa wa akili kupimwe kwa kuangalia tiba zilizokwisha kujaribiwa na matokeo yake. Aliyekaa kwenye foleni hana tiba ya kuangaliwa. Ana kusubiri tu, na kusubiri hakuthibitishi chochote kuhusu ugonjwa wake.

Mengine yanayomkwamisha mgonjwa yatajwe kwa ufupi. Sheria ya Afya ya Kanada ya 1984 hailazimishi majimbo kulipia huduma za mwanasaikolojia nje ya hospitali. Posho ya shirikisho kwa watu wenye ulemavu, ilipoanza kulipwa Julai 2025, haikuzidi dola 200 kwa mwezi. Mgonjwa anayeweza kueleza maumivu yake kwa Kiswahili pekee hubahatisha kupata mkalimani. Serikali inayoweza kupanga siku ya kuruhusu kifo, na ishindwe kupanga siku ya miadi ya daktari, imepotosha mpangilio wa wajibu wake, na lawama hiyo inaangukia pia serikali za majimbo zilizoiacha huduma ya akili kuwa ya mwisho kwenye kila bajeti.

Kwa hiyo yanadaiwa mambo matatu kabla ya tarehe hiyo kufika. Kwanza, sheria itamke kwamba hakuna ugonjwa wa akili utakaohesabiwa kuwa hauponyeki ikiwa mgonjwa hakufikiwa na tiba aliyoihitaji na aliyokuwa tayari kuipokea. Pili, uwekwe ukomo wa muda wa kumwona bingwa, pamoja na fedha za kuutekeleza. Tatu, kila jimbo litangaze hadharani muda halisi wa kusubiri na idadi ya rufaa zilizopotea. Mkishindwa kutimiza hayo, msiseme tena kwamba mfumo hauko tayari. Semeni wazi kwamba wagonjwa hawa hawakupewa kipaumbele, na muwaeleze wao na jamaa zao ni kwa nini.