Mifano ya maua haimsaidii mkulima wa Nyacheki

Haya jamani, leo nina hasira kidogo.

Fungua mwongozo wa dplyr, ile maktaba ya lugha ya R inayotumiwa na wachambuzi wengi wa data. Nenda sehemu ya kuchagua vigeu, yaani kolamu za jedwali. Utakutana na iris: maua 150 ya aina 3, vipimo alivyovichapisha Fisher mwaka 1936. Unaambiwa andika select(iris, starts_with("Sepal")), na kolamu zinakuja. Sawa. Lakini kwa nini nichague hizo na si nyingine? Ua halijibu.

Mimi nilijifunzia hapo, na kosa likanigharimu. Nyumbani Nyacheki niliandika programu ya kujumlisha kilo za majani chai za kikundi kimoja cha wakulima. Kolamu ya 1 jina, ya 2 kituo, ya 3 hadi 14 miezi. Nikaandika select(chai, 3:14), nikaenda zangu. Siku moja karani akaingiza kolamu ya namba ya mwanachama baada ya kituo. Kompyuta haikulalamika! Ikajumlisha namba hizo kama kilo, Desemba ikabaki nje. Mama mwenye namba 4120 akaonekana amechuma tani nne zaidi. Mwenye namba 7 akapunjwa.

Dawa ilikuwepo. Ukizipa kolamu majina kama kilo_jan, starts_with("kilo_") huzifuata popote zihamapo. Ukiorodhesha majina ndani ya all_of(), hugoma moja likikosekana. Any_of() huendelea kimya. Tofauti hiyo ukifundishwa kwa maua, utaiona ni mchezo tu. Kwa malipo ya watu, ni kesi.

Kuna wanaosema maua yanaeleweka na wote. Na wote gani hao? Mwaka 2025 R yenyewe iliongeza data ya pengwini. Kutoka maua hadi ndege wa barafuni! Na data zetu zipo: rKenyaCensus ya Shelmith Kariuki ina sensa ya 2019, Kisii na watu wake 1,266,860.

Sitaki iris ifutwe. Nataka mifano ya majedwali yanayovurugika kama yetu. Miongozo hii ni ya wazi, yeyote anaweza kupendekeza mfano. Mimi naandaa wa chai, wenye kolamu iliyohama. Ndugu msomaji, wako ni upi?