Lubumbashi: Klimatizeri mbovu zinakula umeme wa jirani

Kunako mji wa Lubumbashi, mwezi wa kumi joto linakuwa kali na biashara ya mashine za kupoza hewa, zile wakaaji wanaita klimatizeri, inachangamka. Mnunuzi anauliza bei, anauliza kama inatoa baridi. Itakula umeme kiasi gani? Hapo muuzaji ananyamaza.

Klimatizeri ya zamani ya chumba kimoja inaweza kuvuta wati 1400. Mashine nzuri inatoa baridi ileile kwa wati 900. Ikitumika saa nane kila usiku, tofauti ni kilowati-saa 120 kwa mwezi, na hiyo ni nyumba moja tu.

Kuna wanaosema raia ni maskini, mwache anunue anachoweza. Maskini gani huyo? Maskini wa Lubumbashi hana klimatizeri. Ana balbu mbili, na mama fulani ana friji ya kuuzia maji baridi. Kabini ya mtaa ikizidiwa na kuungua, huyo mama ndiye anapoteza biashara yake, halafu anaombwa kuchanga pesa ya kuitengeneza.

Inchi ya Ghana haikungoja. Mwaka 2005 iliweka sheria: kila wati 1 ya umeme itoe angalau wati 2.8 za baridi, na mashine ibandikwe karatasi ya nyota ili mnunuzi ajionee. Mwaka 2008 ikakataza kuingiza klimatizeri na friji zilizokwisha kutumika kwingine.

Wengine wanajibu: kwanza serikali ilete umeme. Ni kweli, ilete. Lakini Inga 1 ilianza mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982, na Inga kubwa ingali inangojewa. Baraji inaomba miaka na mabilioni. Sheria ya klimatizeri inaomba saini ya viongozi na watu wa kupima mizigo kunako mpaka wa Kasumbalesa, ambako malori yanasimamishwa tayari kwa mambo mengine mengi.

Hofu moja ina haki: sheria hiyo inaweza kugeuka karatasi mpya ya kuombea hongo. Kwa hiyo namba iandikwe juu ya mashine yenyewe, kwa Kiswahili na Kifaransa, mnunuzi aisome dukani. Na wale waliokwisha kununua wasinyang'anywe kitu. Sheria ianze na mzigo unaoingia kesho.