Safari ya China Imehamia Kwenye Simu, Lakini Swichi Ameshika Nani?



Kila likizungumzwa suala la teknolojia huko kwetu nasikia kauli mbili. Ya kwanza ni ya viongozi: tumeingia dunia ya kidijitali, tushangilie. Ya pili ni ya mitaani: Wachina wanatumaliza kibiashara kwa simu zao, wafungiwe. Mimi naishi Sanyuanli, Guangzhou, na nikiwa hapa naona kauli zote mbili zinakwepa swali lenyewe. Mitambo hii ikishaingia katika kila shughuli ya mtu, nani ana uwezo wa kuizima? Na ikizimwa, mwananchi wa kawaida anabaki na nini mkononi?

Nijitambulishe kidogo. Ni muuguzi mwenye shahada, ila hapa sifanyi kazi wodini. Nawasindikiza wagonjwa wanaotoka nyumbani kuja kutibiwa, na siku nyingine wafanyabiashara, kama mkalimani. Kwa hiyo haya nayaona hospitalini na sokoni pia.

Wasomaji wa historia wanaijua Sanyuanli kwa mwaka 1841, wanakijiji wake walipowakabili askari wa Uingereza katika Vita vya Kasumba. Wafanyabiashara wetu wanaijua kwa mikoba, mikanda na masanduku ya safari. Miaka ya 2000 mtu wa Kariakoo alikata tiketi, akafika na dola zake kiunoni, akapanga hoteli, akazunguka duka kwa duka akishika ngozi na kuvuta zipu. Safari yake moja ililisha wengi: mwenye hoteli, mama anayepika ugali, mkalimani, wakala wa kontena, wapakiaji.

Leo mambo ni mengine. Alibaba ilianzishwa Hangzhou mwaka 1999. WeChat ilitoka mwaka 2011, na iliundwa hapa hapa Guangzhou na kikosi cha kampuni ya Tencent. Mwaka 2013 ikaongezewa malipo. Sasa muuza mikoba anasimamisha simu kwenye kijiti na kuonesha bidhaa mubashara. Mteja wake yuko Kariakoo au Gikomba. Anaagiza kupitia wakala, analipa shilingi kwa simu, wakala analipa yuan kwa simu, mzigo unakusanywa ghalani na kusafirishwa kwa kulipiwa CBM. Mama mwenye mtaji wa laki tano na mtoto mchanga mgongoni, ambaye asingepanda ndege ya China hata siku moja, leo anaagiza mikoba yake akiwa sebuleni. Hilo ni jambo kubwa na asitokee mtu akalibeza.

Lakini tuhesabu na gharama. Picha haishikiki. Mwaka jana nilimsaidia mama mmoja aliyeagiza mikoba mia mbili. Kwenye video ilikuwa ngozi, iliyofika ilikuwa plastiki. Nilipokwenda dukani nikaambiwa video ile ilikuwa ya kuonesha mtindo tu. Amshitaki nani? Pesa ilipita kwa wakala, risiti haina jina lake, duka liko China, yeye yuko Dar. Zamani angeurudisha mkoba mezani palepale na kuondoka.

Gharama nyingine inamwangukia mtu wa katikati. Simu iliyomfikisha mchuuzi wetu kiwandani ndiyo hiyo hiyo inayomfikisha mwenye kiwanda kwa mteja wa mchuuzi. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara kadhaa ndogo ndogo, zikiwemo ufundi wa simu na uwakala wa kutuma pesa. Naelewa uchungu wa wenzetu walioidai. Lakini hebu tujiulize: amri inaweza kumtoa mgeni kwenye fremu ya duka, je, itamtoa kwenye simu ya mteja? Tunapigania mlango wakati biashara inapita dirishani.

Sasa nije kwenye swichi. Guangzhou karibu kila kitu unalipia kwa kupiga picha ile alama ya QR: mboga, teksi, hata maji ya kunywa. Ni raha tupu mpaka simu ikugomee. Mgonjwa wangu anayetoka Mwanza au Bujumbura anafika na noti, anakuta foleni ya mashine zinazotaka simu. Benki Kuu ya China yenyewe ilibidi itangaze mwaka 2018 kwamba kukataa fedha taslimu ni kosa. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard, na hilo limesaidia wenye kadi. Asiye nayo namlipia mimi, naye ananirudishia noti.

Kisha likaja la mwaka 2020. Aprili ile Waafrika wengi hapa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizokodi na hotelini, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya malalamiko kwa serikali ya China. Baada ya hapo, mpaka mwisho wa 2022, rangi ya kijani kwenye simu ndiyo iliyokuruhusu kupita mlangoni. Kama muuguzi nasema ufuatiliaji wa maradhi ni kazi halali. Lakini nilijifunza kuwa kifaa kinachokurahisishia kununua embe kinaweza kesho kukufungia mlango, na mlinzi hana la kujadiliana nawe, anasoma rangi.

Msiseme hayo ni ya China tu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania 2008, miaka mitano kabla ya malipo ya WeChat. Katika hili sisi ndio tuliotangulia. Halafu tumefanya nini? Kongo walizima intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Uganda wakazima Januari 2021. Tanzania tukatoza tozo ya miamala mwaka 2021 mpaka watu wakaanza kurudi kwenye noti, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Siku hizo mwenye mzigo ghalani Guangzhou hakumpata wakala wake, na mtoto anayesoma huku hakumpata mama yake. Serikali inayomhimiza mama auze kwa simu, kisha inazima simu ikihofia maneno ya watu, imemvunjia duka.

Wodini tunafundishwa jambo moja. Mashine ya kupima presha inasaidia sana, lakini muuguzi asiyejua kupima mapigo kwa vidole vyake ni hatari, kwa sababu umeme utakatika. Hatuitupi mashine, ila hatumwachi mgonjwa amtegemee mtu mmoja mwenye swichi.

Ninayopendekeza ni machache. Kuzima intaneti kupigwe marufuku kwa sheria, na anayetaka kuizima aende mahakamani kwanza aeleze sababu. Hospitali, shule na ofisi za umma zilazimike kupokea noti. Mawakala wa kuagiza mizigo wasajiliwe, na kila mteja apewe risiti yenye jina lake na maelezo ya bidhaa, ili akitapeliwa awe na pa kushika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Itumike pia pale serikali yenyewe inapochukua taarifa za watu. Na vyama vya wafanyabiashara viungane kuweka mtu wao mmoja hapa Guangzhou wa kukagua mzigo kabla haujalipiwa, badala ya kila mmoja kubahatisha peke yake.

Simu haiturudishi nyuma na wala haitatukomboa. Wanakijiji wa Sanyuanli hawakusubiri mtu awaulize kama wanataka kutawaliwa. Nasi tusisubiri siku ya giza ndipo tuulize swichi iko wapi. Mwenye hoja ya kupinga haya aje nayo, nitamsikiliza.

Naomba kuwasilisha.